Nyota Inapozeeka: Je, Itazimeza Sayari Zake?



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi. Mpendwa mwanafunzi, aliyekaa pwani ameona bahari ikijaa na kupwa. Sababu kubwa ni mwezi: huivuta bahari, nayo hufura kidogo. Kwa kuwa dunia hujizungusha upesi kuliko mwezi unavyoizunguka, uvimbe huo hutangulia mbele ya mwezi na kuusukuma. Ndiyo maana mwezi husogea mbali nasi kiasi cha sentimita 3.8 kila mwaka.

Kwa nyota kongwe mambo huwa kinyume. Nyota mfano wa jua inapomaliza haidrojeni ya kiini chake, kiini hujikaza na tabaka za nje hufura. Nyota huwa kubwa mno, nyekundu, na hujizungusha polepole sana. Sayari iliyo karibu huinua uvimbe juu ya nyota, lakini uvimbe huo hubaki nyuma na kuivuta sayari irudi. Sayari hupoteza nishati, njia yake hupungua, na kadiri inavyokaribia ndivyo mvuto unavyozidi, mpaka inamezwa.

Jua letu lina umri wa miaka kama bilioni 4.6. Baada ya takriban miaka bilioni 5 mingine litaanza kufura, na hatimaye litazidi mara 200 ya upana wake wa leo. Utaridi na Zuhura zitamezwa. Na dunia je? Jua likipungua uzito, njia ya dunia hupanuka. Lakini ule uvimbe huivuta ndani. Mwaka 2008 wataalamu Klaus-Peter Schröder na Robert Smith walipiga hesabu wakaona dunia nayo itamezwa, ingawa wataalamu bado hawajaafikiana.

Huenda ukauliza: hicho ndicho Kiyama? Tusichanganye. Hizo ni hesabu za wanadamu juu ya kanuni alizoziweka Allah katika viumbe vyake. Ujuzi wa Saa uko kwake peke yake. Wala miaka bilioni 5 isitulaze usingizi, kwani mauti hayangoji nyota izeeke. Jua hilo linalotujulisha wakati wa Adhuhuri nalo ni kiumbe, lina mwanzo na mwisho. Basi tusome kwa bidii, na tuswali kwa wakati.

Wallahu aalam.

Maswali ya kujipima
1. Kwa nini mwezi husogea mbali, na sayari ya nyota kongwe husogea karibu?
2. Taja mambo mawili yanayoshindana juu ya njia ya dunia.