SOMO: TANGI LA MAJI MACHAFU NA WAGENI WA SIKUKUU



Krismasi, Mwaka Mpya, Pasaka na Idi ndizo nyakati ambazo kambi zetu hujaa watu. Katika mashamba ya miwa na ya chai hapa Uganda, na katika nyumba za wafanyakazi wa viwanda mjini Jinja, ndugu hufika kutoka Arua, Kabale, Soroti na kwingineko. Mgeni ni baraka, wala hatuandiki somo hili ili kumfukuza mtu. Tunaandika kwa sababu nyumba iliyojengwa kwa watu watano hulaza kumi na watano, na maji wanayotumia huishia mahali pamoja: katika tangi lililofukiwa nyuma ya nyumba, ambalo hakuna anayelikumbuka mpaka siku linapofurika.

Jambo kuu la somo hili ni hili: wageni hawalijazi tangi kwa siku tatu. Tangi hujazwa na miaka ya kutolitunza, na wageni hulifichua tu jambo hilo. Kwa hiyo kazi ifanywe kabla ya sikukuu, na ifanywe na yule anayepaswa kuifanya.

1. TANGI LINAVYOFANYA KAZI

Maji kutoka chooni, bafuni na jikoni huingia katika tangi la saruji au la matofali. Humo hutulia na kugawanyika mara tatu. Uchafu mzito huzama chini na kuwa tope. Mafuta na vitu vyepesi huelea juu na kufanya utando. Katikati hubaki maji yasiyo na uchafu mwingi wa kuonekana, na hayo ndiyo hutoka kwenda katika shimo la kunyonya, ambako ardhi huyapokea. Vijidudu visivyohitaji hewa huozesha sehemu ya tope, lakini si lote. Linalobaki huongezeka mwaka hata mwaka.

Tufahamu vizuri tofauti ya tangi na shimo la kunyonya. Tangi likijaa tope, gari la kunyonya maji taka hulisafisha kwa siku moja. Lakini tope likipita na kuingia katika shimo la kunyonya, huziba vitundu vya udongo, na mara nyingi dawa yake ni kuchimba shimo jingine. Hasara kubwa iko hapo.

2. TUPIGE HESABU

Tuchukue mfano wa laini moja yenye nyumba nne zinazotumia tangi moja. Ndani, tangi lina urefu wa mita 2, upana wa mita 1, na kina cha maji cha mita 1.5. Basi linachukua mita za ujazo 3, yaani lita 3,000.

Katika nyumba hizo nne wanaishi watu 20. Kila mtu akitumia lita 40 kwa siku, jumla ni lita 800. Tangi likiwa safi, maji hukaa humo karibu siku nne kabla ya kutoka. Hiyo ni nafasi ya kutosha, kwa kuwa maji yanahitaji kutulia angalau siku moja.

Sasa tuseme tope na utando vimechukua nusu ya tangi. Nafasi iliyobaki ni lita 1,500. Wenyeji peke yao bado hawaoni tatizo, kwa maana maji hukaa karibu siku mbili. Krismasi inafika, kila nyumba inapokea wageni watano, na watu wanakuwa 40. Maji yanakuwa lita 1,600 kwa siku. Hayakai tena hata siku moja. Yanaingia kwa nguvu, yanatibua tope, na tope linatoka pamoja nayo kwenda katika shimo la kunyonya. Nalo shimo linatakiwa kupokea maji mara mbili ya yale liliyoyazoea.

Wakati wa Pasaka mambo huwa magumu zaidi, kwa kuwa sikukuu hiyo mara nyingi huangukia katika mvua za Machi hadi Mei. Ardhi ikiwa imeshiba maji ya mvua, hasa ardhi ya mfinyanzi, shimo halina pa kuyapeleka maji yetu. Yanarudi juu, mbele ya milango yetu, mahali watoto wanapocheza. Na hapo ndipo kuhara, homa ya matumbo, minyoo na kipindupindu hupata njia.

3. KUPIMA KABLA YA SIKUKUU

Kazi hii ifanywe mwezi mmoja kabla, ili gari liweze kuagizwa kwa wakati. Mjumbe wa chama amwombe fundi wa kambi aifanye, na watu wawili wawepo.

Kifuniko kiachwe wazi kwa muda, na watu wakae upande unakotoka upepo. Pasiwe na sigara wala moto wowote, na watoto waondolewe. Mpimaji asiinamie tundu. Fundi achukue mti mrefu, afunge kitambaa cheupe sehemu ya chini, auteremshe taratibu mpaka sakafu ya tangi, angoje dakika chache, kisha autoe. Alama nyeusi kwenye kitambaa itaonyesha kimo cha tope. Unene wa utando wa juu nao upimwe. Tope na utando kwa pamoja vikifika theluthi moja ya kina, yaani sentimita 50 katika tangi la mfano wetu, tangi linatakiwa kunyonywa. Kifuniko kirudishwe papo hapo. Namba na tarehe ziandikwe katika daftari la tawi.

Gari likija, lipeleke uchafu mahali palipotengwa, kama kituo cha Lubigi kwa upande wa Kampala. Kuumwaga kwenye kinamasi au katikati ya miwa ni kuwapelekea wenzetu ugonjwa.

4. MTU YEYOTE ASISHUKE NDANI YA TANGI

Hapa tunasema kwa sauti kubwa. Katika tangi kuna gesi zinazoua. Moja hunuka kama yai bovu, lakini ikizidi huua uwezo wa pua wa kunusa, na mtu hudhani hatari imepita. Nyingine hulipuka ikikutana na moto. Tena hewa ya kupumua inaweza kuwa haitoshi kabisa. Mtu anaweza kuanguka baada ya kuvuta pumzi chache tu. Mwenzake huruka kumwokoa, naye huanguka. Ndivyo tangi moja huchukua maisha ya watu wawili au watatu.

Kwa hiyo, msimamizi akimwambia kibarua achukue ndoo na kamba ashuke kwa sababu gari ni ghali, jibu ni hapana, na mjumbe wa chama aitwe mara moja. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 hapa Uganda inamtaka mwajiri alinde usalama wa watu wanaomfanyia kazi. Anayetumwa kusafisha tangi la kambi yuko kazini sawasawa na aliye kwenye mashine. Na kama mtu amekwisha kuanguka ndani, usimfuate. Piga kelele, ita waokoaji wenye vyombo vya kupumulia.

5. WAJIBU WETU NA WAJIBU WA MWAJIRI

Kwanza upande wetu. Vitu hivi visiingie chooni wala katika mfereji wa jikoni: nepi, pedi, matambara, magunzi ya mahindi, mifuko ya plastiki, majivu, na mchanga wa kusugulia sufuria. Mafuta ya kukaangia yamwagwe katika kopo, yachanganywe na majivu, kisha yafukiwe. Asidi na dawa kali za kusafishia huua vile vijidudu vinavyotusaidia. Pampu ya kunyunyizia dawa ya magugu isioshwe nyumbani kabisa. Ioshwe mahali pa kazi palipowekwa kwa shughuli hiyo. Wala tusinunue unga unaouzwa kwa maneno kwamba unamaliza tope. Hakuna unga unaochukua nafasi ya gari la kunyonya.

Siku za sikukuu, nguo za nyumbani zifuliwe kabla wageni hawajafika, si zote kwa siku moja, na maji ya kufulia yamwagwe kwenye migomba. Bomba au tangi la choo linalovuja litengenezwe, kwa kuwa linaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku bila mtu kulitumia. Maji ya mvua kutoka paani yaelekezwe mbali na shimo la kunyonya. Kama kambi ina choo cha shimo kilicho kizima, wageni wengi watumie hicho. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tunaongeza: siku ya kwanza mwonyeshe choo na kikapu cha taka, umweleze bila haya.

Sasa upande wa mwajiri. Nyumba ikiwa ya kampuni, tangi nalo ni la kampuni, na kulinyonya ni matengenezo ya nyumba, si mchango wa wapangaji. Pendekezo Na. 115 la Shirika la Kazi la Kimataifa, la mwaka 1961, juu ya makazi ya wafanyakazi, linataja maji salama na mpango wa kutosha wa kuondoa maji machafu miongoni mwa mambo ambayo nyumba ya mfanyakazi inastahili kuwa nayo. Pendekezo si sheria, lakini ni hoja nzuri mezani. Mkataba wetu wa pamoja ukitamka tu kwamba mwajiri atatoa nyumba, haujatosha. Utamke pia kwamba matangi yatapimwa kila mwaka, na yatanyonywa yakifika theluthi. Tukienda mezani na daftari lenye namba na tarehe, hatuendi kulalamika. Tunakwenda na ushahidi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Tangi la laini yenu lina vipimo gani, na linatumiwa na watu wangapi siku za kawaida? Siku za Krismasi au Idi je?

2. Lilinyonywa mara ya mwisho mwaka gani? Nani anajua, na imeandikwa wapi?

3. Kisima au chemchemi mnayochota iko umbali gani kutoka kwenye shimo la kunyonya? Kama ni chini ya mita 30, mtachukua hatua gani?

4. Msimamizi akimwamuru mwenzenu ashuke ndani ya tangi, nani ataitwa, na kwa njia gani?

5. Mkataba wenu unasema nini juu ya matengenezo ya nyumba? Andikeni kifungu ambacho mngependa kiongezwe, mkipeleke katika kamati ya tawi kabla ya mazungumzo yajayo.

Umoja ni nguvu.