Kiondo Chako Kinakugharimu Pesa Ngapi?

Somo la kikundi. Mmoja asome kwa sauti, kisha wote wajadiliane. Muwe na daftari, kalamu, na kiondo kimoja ambacho kimekwisha kusukwa.

Soma kwanza: Luka 14:28-30



Katika maneno hayo Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Kabla ya kuweka jiwe la kwanza, anaketi na kuhesabu gharama, asije akaishia njiani watu wakamcheka. Leo sisi tutaketi tuhesabu gharama ya kiondo.

Katika Machakos, Makueni na Kitui, mvua ikikosa, kiondo ndicho kinacholeta unga na karo nyumbani mwa wengi. Akina mama wanasuka mchana, wanasuka njiani, wanasuka usiku karibu na taa. Lakini ukimwuliza mama mmoja anapata faida gani, atakwambia, "Napata kitu kidogo." Hicho kidogo ni shilingi ngapi? Hajui. Basi hapo ndipo penye shida, kwa sababu asiyejua gharama ya kazi yake hupangiwa bei na mnunuzi.

1. KAZI ILIYO NDANI YA KIONDO

Zamani nyuzi za kiondo zilitoka kwenye gome la mbuyu na miti mingine ya porini. Mkonge ulikuja baadaye. Ni mmea wenye asili ya Mexico, na mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika, kisha ukaenea hata huku kwetu.

Hebu tufuate kazi yenyewe tangu mwanzo. Majani yanakatwa na kuondolewa miiba. Yanapasuliwa, kisha yanakwaruzwa kwa kisu juu ya ubao mpaka nyama yote ya kijani itoke. Maji yake yanawasha ngozi, na kila anayefanya kazi hiyo anajua. Halafu nyuzi zinaoshwa na kuanikwa. Katika kilo 100 za majani mabichi, utapata kilo 3 hadi 5 tu za katani kavu.

Baada ya hapo nyuzi zinachemshwa na rangi, zinakaushwa tena, na kusokotwa juu ya paja kuwa kamba nyembamba. Ndipo mama anaanza kitako, anapanda na kuta, anamaliza mdomo. Mwisho fundi anatia mikono ya ngozi.

Je, ukiwa na kiondo mkononi, umewahi kuhesabu saa zote hizo? Mnunuzi anaona kikapu tu. Ni wewe unayejua kilichomo.

2. TUPIGE HESABU

Huu ni mfano tu wa kiondo cha kadiri. Bei za kwenu zaweza kuwa tofauti, kwa hivyo andikeni za kwenu.

Katani ya kununua: sh. 120
Rangi: sh. 60
Ngozi na malipo ya fundi: sh. 250
Nauli (sehemu ya kiondo kimoja): sh. 20
Jumla ya pesa zilizotoka mfukoni: sh. 450

Sasa, broka anafika kijijini na kutoa sh. 600. Mama anafurahi, kwa kuwa ameshika pesa. Lakini toa 450 katika 600, inabaki sh. 150. Ikiwa kiondo kilichukua saa 30, gawanya 150 kwa 30. Amepata sh. 5 kwa saa moja.

Tulinganishe na kibarua. Tuseme kupalilia shamba la jirani ni sh. 300 kwa saa 6, yaani sh. 50 kwa saa. Mama huyu anafanya kazi ya ufundi, aliyofundishwa na mama yake, kwa malipo yaliyo sehemu moja ya kumi ya kibarua.

Wengine watasema, "Lakini mimi nasuka nikitembea, au nikiwa mkutanoni. Saa hizo singelipwa na mtu." Ni kweli, na hiyo ni baraka ya kazi hii. Kibarua nacho hakipatikani kila siku. Hata hivyo, macho yanachoka na vidole vinaumia. Andika saa zako. Ukiamua kuuza kwa bei ya chini kwa sababu mtoto amefukuzwa shule, uamue ukijua ni kiasi gani unachoacha.

3. KUPUNGUZA GHARAMA PAMOJA

Mtu mmoja peke yake hana nguvu mbele ya muuza ngozi. Watu 15 wakinunua pamoja, wanaweza kupata bei ya jumla. Vivyo hivyo kwa rangi. Mkonge nao unaweza kupandwa kwenye mpaka wa shamba. Hauhitaji maji mengi, na unasaidia kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Lakini kuanzia kupanda mpaka kuvuna majani ya kwanza ni miaka miwili au mitatu, kwa hivyo anzeni mapema.

Tuseme kwa njia hizo gharama zimeshuka hivi: katani sh. 60, rangi sh. 40, ngozi na fundi sh. 160, nauli sh. 20. Jumla ni sh. 280. Na tuseme kikundi kimepeleka vyondo moja kwa moja dukani mjini na kupata sh. 1,400 kwa kila kimoja. Kikundi kinakata sh. 100 kwa mfuko wake. Mama anabaki na sh. 1,020. Kwa saa 30, hiyo ni sh. 34 kwa saa. Bado haijafika kibarua, lakini ni karibu mara saba ya ile ya broka.

Tusimlaani broka bure. Yeye naye analipa nauli, anabeba mzigo, anangoja wateja. Kikundi kikitaka faida yake, ni lazima kikubali na kazi yake.

4. UBORA NDIO UNAOTETEA BEI

Katika miaka ya 1970 na 1980 kiondo kilipendwa sana na wageni, kikauzwa hata ng'ambo. Kisha vikapu vya kuigiza kutoka viwanda vya Asia vikaingia sokoni kwa bei rahisi. Hatuwezi kushindana na mashine kwa urahisi wa bei. Tunaweza kuishinda kwa ubora tu. Kabla ya kiondo kutoka kijijini, kamati ikague mambo haya:

(a) Rangi. Lowesha kitambaa cheupe, usugue kiondo. Kitambaa kikipata rangi, kiondo hicho kitachafua nguo ya mteja. Kisiuzwe.
(b) Kitako. Kiweke mezani. Kisiyumbe.
(c) Kipimo. Mteja akiagiza vyondo 20 vya inchi 12, vyote viwe inchi 12. Tumieni kijiti kimoja cha kupimia.
(d) Mikono. Tia mawe au mahindi ya kilo 5, uinue mara kadhaa. Ushonaji ukifunguka, kirudi kwa fundi.
(e) Harufu. Kiondo kilichofungiwa kabla hakijakauka huota ukungu.

Jambo hili linaleta ugomvi, kwa maana hakuna anayependa kurudishiwa kazi yake. Kwa hivyo sheria ziandikwe mapema, na kazi ya mwenyekiti ikaguliwe sawa na ya mwingine yeyote.

5. SOKO LIKO WAPI?

Wengi wanafikiri mnunuzi ni mzungu tu. Watalii wasipokuja, biashara inalala. Lakini tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya. Mama anayekwenda sokoni anahitaji kikapu kitakachodumu miaka. Tengenezeni basi aina mbili: kiondo imara cha soko, chenye mapambo machache na saa chache za kazi, na kile cha mapambo kwa maduka ya mjini na Soko la Wamasai kule Nairobi.

Mkipata oda, ombeni malipo ya kwanza kabla ya kuanza, na mwandike idadi, kipimo, rangi, bei na siku ya kupeleka. Msikubali oda ya vyondo 200 ikiwa uwezo wenu ni 60 kwa mwezi. Ni afadhali kusema ukweli kuliko kumpoteza mteja.

6. DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kila kiondo kiwe na kijikaratasi chenye namba ya aliyekisuka. Wachongaji wa ushirika wa Akamba kule Changamwe, Mombasa, ulioanzishwa mwaka 1963, nao hutumia namba hivyo, na kinyago kikiuzwa mwenyewe anajulikana. Katika daftari andikeni tarehe, namba, bei, kilichokatwa na kilicholipwa. Pesa za M-Pesa zikitumwa kwa simu ya mweka hazina, asome ujumbe mbele ya wote katika mkutano unaofuata.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kiondo mlicholeta leo kilichukua saa ngapi? Kiliuzwa au kitauzwa kwa bei gani? Pigeni hesabu sasa hivi, pamoja.
2. Ni gharama gani moja tunayoweza kupunguza mwezi huu?
3. Soma Matendo 18:1-3. Paulo, Akila na Priskila walishona mahema kwa mikono yao. Je, sisi tunaiheshimu kazi ya mikono ya mama nyumbani, au pesa zake tu?
4. Nani huamua matumizi ya pesa za kiondo katika nyumba zetu? Waume waliopo nao wajibu.

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mmoja aandike saa zake kwa kiondo kimoja, tangu kukata jani mpaka kumaliza mdomo. Asiyejua kuandika atie kokoto moja kwenye kopo kwa kila saa. Mkikutana tena, hesabuni kokoto, ndipo mpange bei.

Bwana azibariki kazi za mikono yenu.