Nafasi ya Valvu za Nguvu katika Kuunda Rangi ya Sauti ya Gitaa la Umeme

IKISIRI

Makala haya yanachunguza mchango wa valvu za nguvu katika rangi ya sauti ya amplifaya ya gitaa. Wanamuziki wengi huzizungumzia valvu hizi kana kwamba kila aina ina sauti yake iliyofungiwa ndani ya kioo. Makala yanadai kuwa kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Valvu ina tabia yake, lakini tabia hiyo hugeuka sauti pale tu inaposhirikiana na transfoma, spika na umeme unaoilisha. Hoja hii inafafanuliwa kwa kulinganisha amplifaya mbili za kihistoria: Fender Bassman ya Marekani na Marshall JTM45 ya Uingereza.

1. Utangulizi

Transista ilipoenea katika miaka ya 1960 na 1970, redio na televisheni ziliachana na valvu. Transista ilikuwa ndogo, rahisi, haikuhitaji kupashwa moto, na haikuvunjika ilipoanguka. Hata hivyo, wapiga gitaa wengi hawakuiacha valvu. Hadi leo viwanda vichache vya Urusi, Uchina na Slovakia vinaendelea kuitengeneza, na miongoni mwa wateja wao wakubwa ni wapiga gitaa walio tayari kubeba amplifaya nzito, yenye joto na ya bei ghali.

Swali linalozuka ni hili: wapiga gitaa hao husikia nini? Jibu la swali hili lina uzito wa kivitendo. Anayeamini kwamba sauti imo ndani ya valvu peke yake hununua valvu mpya kila asiporidhika, na pengine huichomeka mahali isipofaa, akaharibu transfoma au hata kuhatarisha maisha yake.

Ni muhimu kutaja istilahi moja kabla ya kuendelea. Katika isimu, "toni" ni kupanda na kushuka kwa kidatu kunakobadilisha maana ya neno. Wanamuziki nao hutumia neno hilo hilo kwa maana ya ladha ya sauti. Ili kuepuka utata, makala haya yanatumia "rangi ya sauti" kwa maana hii ya pili.

2. Rangi ya Sauti ni Nini?

Mwanafunzi wa fonetiki analijua jambo hili kutokana na irabu. Mtu akiimba irabu [a] kisha [i] kwa kidatu kimoja na kwa nguvu ile ile, msikilizaji hatazichanganya. Nyuzi za sauti zinatetema kwa kasi ile ile. Kinachotofautiana ni umbo la kinywa, ambalo hukuza baadhi ya mitetemo na kufifisha mingine.

Waya wa gitaa nao hautoi mtetemo mmoja. Waya wa tano, ukipigwa wazi, hutetema mara 110 kwa sekunde, yaani hezi 110. Papo hapo hutoa mitetemo ya juu inayokaribia hezi 220, 330, 440 na kuendelea. Mitetemo hii huitwa hamoniki. Hamoniki ya pili ni noti ile ile katika oktavu ya juu, kwa hiyo huongeza unene bila kuleta ugeni. Hamoniki ya tatu ni noti nyingine, na huipa sauti makali. Rangi ya sauti, basi, ni uwiano wa nguvu baina ya hamoniki hizi. Amplifaya inapoongeza hamoniki ambazo waya haukuzitoa, inakuwa sehemu ya ala yenyewe.

3. Valvu ya Nguvu na Kazi Yake

Mnamo 1904, John Ambrose Fleming alibuni valvu ya diodi. Miaka miwili baadaye Lee de Forest aliiongezea gridi, na valvu ikaanza safari ya kuwa chombo cha kukuza sauti. Ndani ya kioo kisicho na hewa mna kathodi inayopashwa moto hadi itoe elektroni. Elektroni hizo huvutwa na anodi yenye volteji chanya ya juu. Katikati yake kuna gridi, ambayo hufanya kazi kama lango la mfereji shambani: mkono ukilisogeza lango kidogo tu, maji mengi hubadilika.

Katika amplifaya ya gitaa, valvu ndogo kama ECC83 hukuza volteji dhaifu inayotoka kwenye gitaa. Valvu za nguvu hupokea kazi hiyo na kutoa nguvu ya kusukuma spika. Kwa kuwa valvu hufanya kazi kwa volti mia kadhaa na mkondo mdogo, ilhali spika huhitaji volti chache na mkondo mkubwa, transfoma huwekwa kati yao kama mkalimani.

Mradi mawimbi ni madogo, valvu huyakuza bila kuyabadilisha sana. Mpigaji akizidisha nguvu, valvu hufika mwisho wa uwezo wake na vilele vya mawimbi hukatwa. Mkato huo ndio huzaa hamoniki mpya, na ndio mkwaruzo unaopendwa na wapiga gitaa. Ni dhahiri kuwa umaarufu wa valvu umetokana, kwa kiasi kikubwa, na namna inavyoshindwa inapobebeshwa mzigo uliozidi.

Mkato huo pia huchanganya noti. Noti za hezi 110 na 165 zikipigwa pamoja, huzaliwa mitetemo mingine ya hezi 55 na 275. Yote hii ni vizidisho vya 55, hivyo hupatana. Noti zenye uwiano mgumu zaidi huzaa mitetemo isiyopatana, na sauti ikavurugika. Ndiyo sababu wapigaji wa muziki wa roki hupenda kodi za noti mbili tu wanapotumia mkwaruzo mwingi.

4. Valvu Moja na Valvu Mbili

Amplifaya ndogo kama Fender Champ ina valvu moja ya nguvu aina ya 6V6, na hutoa takribani wati 5. Valvu hiyo hubeba wimbi zima, juu na chini, lakini nusu moja ya wimbi huanza kubanwa mapema kuliko nyingine. Kutolingana huko huacha hamoniki ya pili ikisikika.

Amplifaya kubwa hutumia jozi. Valvu moja husukuma nusu ya juu ya wimbi na nyingine nusu ya chini, mithili ya watwangaji wawili wanaopokezana michi katika kinu kimoja. Transfoma huunganisha kazi yao. Katika muungano huo, hamoniki shufwa zinazozalishwa na valvu hizo mbili hufutana, na hamoniki witiri, hasa ya tatu, hubaki. Kwa hivyo mpangilio wa valvu una athari hata pale ambapo aina ya valvu ni ile ile.

Kupokezana huku hutegemea bayasi, yaani volteji hasi inayowekwa kwenye gridi ili kuamua ni mkondo kiasi gani upite wakati gitaa limenyamaza. Mkondo ukiwa mdogo mno, mtwangaji mmoja huinua mchi kabla ya mwenzake kuwa tayari. Pengo hujitokeza katikati ya wimbi, na sauti huwa kavu na yenye kukwaruza vibaya. Mkondo ukizidi, anodi hupata moto hadi ikawa nyekundu, na valvu hufa mapema.

5. Aina Kuu za Valvu za Nguvu

Aina nne zinatajwa zaidi. Ya kwanza ni 6L6, iliyotolewa na kampuni ya RCA mwaka 1936. Hii ni tetrodi ambayo elektroni zake hukusanywa kuwa miale. Toleo lake la 6L6GC linaweza kuhimili wati 30 za joto kwenye anodi. Fender Twin Reverb ya mwaka 1963 ilitumia nne kati ya hizi, na sifa yake kuu ni sauti safi hata ikiwa ya juu. Ya pili ni 6V6, ndugu mdogo wa 6L6. Jozi yake katika Fender Deluxe Reverb hutoa takribani wati 22, hivyo hufikia mkwaruzo mapema.

Ya tatu ni EL34, na ya nne ni EL84. Zote mbili ni pentodi zilizotokana na teknolojia ya Ulaya. Gridi zake zinahitaji msukumo mdogo kuliko wa 6L6 ili valvu ifike kileleni. EL34 inahusishwa na Marshall tangu katikati ya miaka ya 1960, nayo EL84 inahusishwa na Vox AC30, amplifaya ya Dick Denney iliyotumiwa na The Shadows na The Beatles.

Wapigaji husema EL34 ina makali ya katikati na 6L6 ina besi pana. Kauli hizo zimetokana na masikio yenye uzoefu, wala hazifai kudharauliwa. Hata hivyo, ni lazima kuuliza: je, kinachosikika ni valvu, au ni amplifaya nzima iliyojengwa kuizunguka?

6. Mfano wa Bassman na JTM45

Historia imetoa jaribio la kufaa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Leo Fender huko California iliuza Bassman ya muundo wa 5F6-A. Mwaka 1962, katika duka la Jim Marshall huko Hanwell, London, mafundi Ken Bran na Dudley Craven waliunda amplifaya kwa kuufuata muundo huo karibu kipengele kwa kipengele. Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa JTM45.

Ingawa mchoro ulikuwa karibu ule ule, sauti ilitofautiana. Ni rahisi kudai kuwa tofauti ililetwa na valvu za KT66, ambazo JTM45 ilizitumia baadaye. Lakini JTM45 za mwanzo zilitumia 5881, valvu ya jamii ya 6L6 iliyotumika pia katika Bassman. Yaliyobadilika ni mengine: valvu ya kwanza ilikuwa ECC83 badala ya 12AY7 yenye ukuzaji mdogo, transfoma zilikuwa za Uingereza, na badala ya spika nne za inchi 10 katika kabati lililo wazi nyuma, kulikuwa na spika nne za Celestion za inchi 12 katika kabati lililofungwa. Mfano huu unaonyesha kuwa rangi mpya ya sauti inaweza kuzaliwa bila aina ya valvu za nguvu kubadilika.

7. Valvu, Spika na Umeme

Spika inayoitwa ya omu 8 haina omu 8 daima. Karibu na hezi 75 hadi 100 ukinzani wake hupanda mara kadhaa, na hupanda tena polepole katika sauti nyembamba. Tetrodi na pentodi hushindwa kuidhibiti spika kikamilifu, kwa hivyo sauti nene na nyembamba huongezeka pale ukinzani unapopanda. Mafundi wengi hurudisha sehemu ndogo ya sauti ya mwisho nyuma ili kurekebisha hali hiyo. Vox AC30 haina marekebisho hayo, na hii ni sababu mojawapo ya sauti yake kuingia katika mkwaruzo polepole. Amplifaya yenye marekebisho mengi hubaki safi kwa muda mrefu, kisha huvunjika ghafla.

Aidha, umeme unaolisha valvu una mchango wake. Katika amplifaya inayonyoosha umeme kwa valvu kama GZ34, waya ukipigwa kwa nguvu, volteji hushuka kidogo kisha hupanda tena. Sauti hubanwa mwanzoni kisha huchanua. Mpigaji huihisi hali hii vidoleni kabla ya msikilizaji kuitambua.

8. Tahadhari

Kubadilisha aina ya valvu kiholela kuna madhara. Jozi ya 6L6 hutumia ampea 1.8 kupasha kathodi, ilhali jozi ya EL34 hutumia ampea 3.0. Transfoma isiyokusudiwa mzigo huo itaungua. Pia, amplifaya ya valvu haifai kupigwa bila spika kuunganishwa, kwa sababu volteji ndani ya transfoma inaweza kupanda hadi ikaiharibu. Zaidi ya yote, ndani yake mna volti 400 au zaidi, nazo kapasita zinaweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Kazi hii ni ya fundi aliyefunzwa.

9. Hitimisho

Makala yameonyesha kuwa valvu ya nguvu huchangia rangi ya sauti kwa njia tatu: kiwango cha nguvu ambapo mkwaruzo huanza, aina ya hamoniki zinazozalishwa, na jinsi inavyohusiana na spika. Hakuna hata njia moja kati ya hizo inayofanya kazi peke yake. Mwanasemantiki hawezi kulipa neno maana yake kamili akilitenga na sentensi, na fundi naye hawezi kuipa valvu sauti akiitenga na saketi. Inapendekezwa, kwa hivyo, kwamba mpigaji asiyeridhika aanze kwa kuchunguza bayasi, kisha spika na kabati lake, kabla ya kununua valvu nyingine. Huenda akagundua kuwa sauti aliyokuwa akiitafuta dukani imo tayari katika amplifaya yake, ikingoja kurekebishwa tu.