Istilahi za Tuta la Reli: Uimarishaji wa Mwamba Mchakavu Mpakani Malaba na Busia

1.0 Utangulizi
Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 haikupita Malaba. Njia iliyopitia Nakuru na Eldoret ndiyo iliyovuka mpaka hapo, na ikafika Kampala mwaka 1931. Upana wake ni milimita 1,000. Reli ya kisasa, yenye upana wa milimita 1,435, ilizinduliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ikaendelezwa hadi Suswa mwaka 2019, na imekusudiwa kufika Malaba. Makala haya yanaeleza namna mwamba dhaifu unavyoimarishwa uwe kifusi cha tuta, na yanashikilia kwamba istilahi sahihi ni sehemu ya uimara na usalama wa kazi hiyo.

2.0 Mwamba Mchakavu
Katika Kiswahili, neno mwamba hubeba dhana ya uthabiti. Kwa hivyo, istilahi mwamba mchakavu ni onyo. Majabali ya itale ya Kakapel, huko Teso, yamesimama imara tangu kale. Lakini panapokaa maji ya mvua ardhini kwa muda mrefu, baadhi ya madini ya itale hugeuka kuwa udongo mfinyanzi. Jiwe la namna hiyo huchimbuliwa likiwa gumu, kisha humomonyoka likilowa. Jaribio jepesi ni kulilowesha na kulikausha mara kadhaa. Likipasukapasuka, halifai kutumiwa jinsi lilivyo: tuta litatitia, nazo kokoto, mataruma na reli vitafuata.

3.0 Uimarishaji
Hatua kuu ni nne: kupondaponda, kuchanganya na kiimarishi, kulowesha kwa kiasi, na kushindilia tabaka kwa tabaka. Kifusi chenye mfinyanzi mwingi hufaa chokaa, ambayo hupunguza unato na kuvimba, kisha hugandisha polepole. Chenye changarawe nyingi hufaa saruji, ambayo huganda haraka. Hivyo, ushindiliaji haupaswi kucheleweshwa. Maji yakipungua, chembe hazishikamani. Yakizidi, tabaka hugeuka tope. Mitaro nayo ni lazima, kwa kuwa maji ndiyo yaliyouchakaza mwamba hapo awali.

4.0 Tatizo la Istilahi
Vibarua wa mpakani huzungumza Kiteso, Kisamia, Kibukusu na lugha nyinginezo. Kiswahili ndicho huwaunganisha. Kutandaza si kushindilia: tabaka lililotandazwa tu huonekana sawa juani, likazama masika. Vilevile, kwa wengi chokaa ni rangi ya ukuta. Chokaa hai, inayotokana na mawe kuchomwa tanuruni, hutoa joto kali ikikutana na maji, na huunguza macho na ngozi. Chokaa iliyozimwa haitoi joto hilo, ingawa nayo huwasha. Amri isemayo "leta chokaa" bila kivumishi inaweza kumgharimu mtu macho yake.

5.0 Hitimisho
Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hadhi hiyo haitakamilika iwapo mhandisi ataandika kwa lugha moja na kibarua aagizwe kwa lugha isiyo na istilahi. Wanaisimu wanapaswa kushuka hadi kwenye tuta, kwani asiyejua maana haambiwi maana.