Kupumzika Nako ni Mazoezi

Wahenga walinena kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Mimi hukimbia mita 1500, na kila mwaka naona wenzangu wawili watatu waking'aa Januari, lakini siku ya mashindano ikifika hawana nguvu. Watu husema, "Huyo amezembea!" Kumbe mara nyingi ni kinyume: amefanya mazoezi kupita kiasi.

Jamani, mbio peke yake hazijengi mwili. Tukikimbia, misuli hupata majeraha madogo yasiyoonekana na akiba ya nguvu hupungua. Ni tunapokula na kulala ndipo mwili hujirekebisha ukawa imara kuliko mwanzo. Asiyeupa nafasi hiyo anabomoa tu bila kujenga.

Dalili zenyewe ni hizi:

1. Ukiamka, kabla ya kutoka kitandani, mapigo ya moyo yamezidi kawaida yako kwa siku kadhaa.
2. Usingizi na hamu ya chakula vimepotea, na mafua hayakuachi.
3. Unajitahidi zaidi lakini muda wako unazidi kuwa mbaya.
4. Huna raha, hata kuona viatu vya mbio kunakuudhi.
5. Kwa wasichana, hedhi kukoma si ushujaa. Mifupa yaweza kudhoofika hata ikapata nyufa.

Malaria na upungufu wa damu pia huchosha, kwa hivyo nenda zahanati upimwe.

Tumtazame Eliud Kipchoge. Oktoba 12, 2019, mjini Vienna, alikimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Lakini kwa kawaida alikimbia marathoni mbili tu kwa mwaka, na huko Kaptagat sehemu kubwa ya mazoezi yake ilikuwa ya mwendo wa pole.

Sisi wa shule ya kutwa tuna letu. Anayekimbia kilomita 5 kuja shuleni na 5 kurudi, ana kilomita 10 ambazo hazimo katika daftari la kocha. Usiku anafanya kazi ya ziada, alfajiri yuko njiani tena. Atapona saa ngapi?

Mwaka jana mwenzetu mmoja aliyekuwa akitushinda sote aliacha riadha kabisa. Hakuvunjika mguu, alichoka tu, na sisi tulimcheka.

Nawaomba walimu wa michezo wamuulize kila mkimbiaji anatoka wapi, na watupe angaa siku moja kwa wiki bila mbio. Nasi mwenzetu akisema "nimechoka", tumsikilize.

Ni hayo tu. Kila la heri katika mashindano!