Mama Mwenye Mimba na Malaria

Sanya Juu ni mahali pa baridi, na mbu wake ni wachache. Lakini wako washukao mashamba ya mpunga chini ya Moshi, na mwili usiozoea malaria huugua sana. Mama mwingine mwenye mimba hasikii homa yo yote, kumbe vijidudu vimejificha katika kondo la nyuma, na mtoto huzaliwa mdogo, pengine amekufa. Ndiyo sababu siku ya kwanza ya kliniki hutobolewa kidole, damu ikapimwa. Vijidudu vikionekana, hutibiwa papo hapo. Visipoonekana, mwezi wa nne ukifika humeza vidonge vitatu vya SP mbele ya mwuguzi, na tena kila mwezi mpaka ajifungue. Chandarua apewacho ni cha kulalia, si cha kuzungushia kuku!