Sumaku na Mabomu Yaliyofukiwa Ardhini

Umekwisha kujifunza kwamba sumaku huvuta chuma. Umejifunza pia kwamba dunia ni kama sumaku kubwa, na ndiyo sababu sindano ya dira huelekea kaskazini. Katika somo hili utaona jinsi maarifa haya yanavyookoa maisha ya watu.

Mabaki ya silaha

Vita vya Kwanza vya Dunia, vya 1914 hadi 1918, vilifika mpaka Kigoma. Wajerumani waliifunga mzinga meli yao iliyoitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 ndege za Wabelgiji ziliangusha mabomu katika bandari ya Kigoma. Mwezi Julai mwaka huo Wajerumani walikimbia, wakaizamisha meli yao karibu na mlango wa Mto Malagarasi. Iliopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikapewa jina la Liemba.

Meli iliyozama yaweza kuopolewa. Lakini je, kombora lililoanguka bila kulipuka litapatikanaje? Kombora la namna hiyo huzama katika udongo au matope. Kutu hula ganda lake, lakini baruti iliyomo ndani yaweza kubaki na nguvu kwa miaka mingi.

Hatari hii haitokani na vita peke yake. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha lililipuka huko Mbagala, Dar es Salaam. Tarehe 16 Februari 2011 ghala jingine lililipuka Gongo la Mboto. Watu walikufa, na makombora yaliruka yakaanguka katika makazi ya watu.

Jaribio

Vifaa: dira, boksi la karatasi ngumu, mchanga mkavu, kipande cha nondo, kipande cha mti na waya wa shaba.

1. Jaza mchanga katika boksi. Mwenzako afukie nondo, kina cha vidole 2. Wewe usitazame.
2. Shika dira juu ya mchanga. Ngoja sindano itulie.
3. Isogeze polepole kwa mistari iliyonyooka. Weka alama pale sindano inapogeuka.
4. Rudia kwa kufukia mti, kisha waya wa shaba.
5. Sasa fukia nondo chini zaidi, urudie tena.

Umeona nini? Sindano iligeuka karibu na nondo, lakini mti na shaba havikuigeuza. Nondo ilipokuwa chini zaidi, sindano iligeuka kidogo tu, au haikugeuka kabisa.

Chombo cha wataalamu

Maganda mengi ya makombora hutengenezwa kwa chuma. Chuma hicho hubadili kidogo nguvu ya sumaku ya dunia mahali kilipo. Wataalamu hutumia kipimasumaku, chombo chenye uwezo wa kutambua mabadiliko madogo sana kuliko yale yanayoonyeshwa na dira.

Mtaalamu hupita na chombo hicho kwa mistari iliyonyooka, kama mkulima anayepanda mahindi kwa kamba. Vipimo huchorwa katika ramani, na mahali penye chuma huonekana. Kabla ya kuanza, yeye huweka kando funguo, kisu na saa yake. Katika maji, chombo huburutwa kwa kamba ndefu nyuma ya mashua, ili chuma cha injini kisikidanganye.

Hata hivyo, kipimasumaku hakiwezi kutofautisha kombora na jembe bovu. Wala hakigundui bomu la plastiki lisilo na chuma. Kwa hiyo njia nyingine zinahitajika pia. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, panya buku wamefundishwa kunusa baruti. Panya hao wamesaidia kutafuta mabomu ya ardhini nchini Msumbiji.

Jihadhari

Jaribio ulilofanya ni la darasani tu. Usiende kutafuta mabomu kwa dira. Ukikuta chuma usichokijua shambani, ufukoni mwa ziwa au kati ya vyuma chakavu, usikiguse, usikipige kwa jiwe, usikitie motoni wala usikipeleke nyumbani. Rudi kwa njia ile ile uliyoijia. Waonye wenzako. Mwambie mwalimu au mzazi, ili polisi wapewe habari. Chuma chakavu huuzwa kwa shilingi chache, lakini mkono uliokatika hauoti tena.

Maswali

1. Kwa nini waya wa shaba haukuigeuza sindano ya dira?
2. Kombora moja limefukiwa kina cha mita 1, na jingine la aina ile ile mita 4. Ni lipi litakalogunduliwa kwa urahisi zaidi? Eleza sababu.
3. Kwa nini mtaalamu huweka kando funguo zake?
4. Rafiki yako wa Ujiji ameokota chuma kizito chenye kutu, naye anataka kukiuza. Utamwambia nini?